Mbunge wa jimbo anavyoweza kuigusa mahakama: mfano wa Illinois

Msomaji mmoja, mwenyeji wa Bukavu ambaye sasa anaishi Rock Island katika jimbo la Illinois nchini Marekani, ameuliza hivi: "Kila uchaguzi unapokaribia, wanaoomba kura huku kwetu husema wameirekebisha mahakama, na wapinzani wao husema wameiharibu. Sisi tulifundishwa kwamba mahakama ni mhimili unaojitegemea na kwamba mbunge hana ruhusa ya kumwelekeza jaji. Je, mbunge wa jimbo hufanya kazi gani hasa katika mageuzi ya mahakama? Na mtu wa kawaida akikamatwa leo, kazi hiyo inamsaidia au inamdhuru?"

Ndugu msomaji, nitaanza na sehemu ya kwanza ya swali lako, kwa maana ndiyo inayowatatiza hata watu waliosoma. Ni kweli kwamba mbunge hana mamlaka ya kumwambia jaji amfunge nani na amwachie nani. Hata hivyo, jaji hahukumu kwa utashi wake. Anahukumu kwa sheria, na sheria hiyo kwa sehemu kubwa imeandikwa bungeni. Bunge la jimbo, ambalo kwa Illinois hukutana Springfield likiwa na maseneta 59 na wawakilishi 118, ndilo linaloamua kitendo gani ni kosa, mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya jaji ndani ya saa ngapi, nani abebe mzigo wa kuthibitisha, na ushahidi wa namna gani usipokelewe. Ndilo pia linalopitisha fedha za kuendeshea mahakama na kuchora mipaka ya wilaya ambamo majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo huchaguliwa na wananchi. Ramani ya wilaya hizo ilikuwa haijaguswa tangu miaka ya 1960, hadi Bunge lilipoichora upya mwaka 2021. Kwa hiyo mbunge haingii katika chumba cha mahakama, lakini karibu kila kanuni inayotumika humo imepitia mikononi mwake au mikononi mwa waliomtangulia.

Badala ya kulieleza jambo hili kwa nadharia tupu, nitakupitisha katika kiti kimoja tu cha Seneti ya Illinois, kile cha wilaya ya 13 upande wa kusini wa Chicago. Waliokikalia kwa kufuatana tangu mwaka 1997 ni watatu: Barack Obama, ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa asili ya baba yake huko Kogelo, Kwame Raoul, aliyekichukua Obama alipochaguliwa kwenda Seneti ya nchi mwaka 2004, na Robert Peters, aliyekichukua Raoul alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwanzoni mwa 2019. Kazi ya hawa watatu juu ya mahakama za jinai imeungana kiasi kwamba mtu akiifuata ataelewa mbunge anaweza kufanya nini, na anakomea wapi.

Obama alipoingia Springfield, mfumo wa haki wa Illinois ulikuwa katika aibu kubwa. Kuanzia mwaka 1977 adhabu ya kifo iliporejeshwa, jimbo lilikuwa limewaua watu 12 kwa sindano ya sumu, lakini katika kipindi hichohicho watu 13 waliokuwa wakingoja kuuawa walibainika kwamba hawakustahili kuwa pale na wakaachiwa. Anthony Porter alikuwa amebakiza takriban siku mbili tu auawe mwaka 1998 mahakama iliposimamisha utekelezaji. Gavana George Ryan, mwanachama wa Republican ambaye kabla ya hapo aliiunga mkono adhabu hiyo, aliisimamisha Januari 2000 na kuunda tume. Ripoti ya tume hiyo ya Aprili 2002 ilikuwa na mapendekezo 85, na mojawapo lilikuwa kwamba mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji yarekodiwe. Pendekezo hilo halikutoka hewani. Chicago ilikuwa imeshuhudia miaka mingi ya malalamiko dhidi ya Jon Burge, kamanda wa polisi ambaye yeye na maofisa waliokuwa chini yake waliwatesa watu zaidi ya 100, wengi wao weusi, ili wakiri makosa. Jaji akiletewa karatasi yenye maungamo na sahihi ya mshtakiwa, hakuwa na njia ya uhakika ya kujua kilichotokea ndani ya chumba cha polisi. Neno la askari lilisimama dhidi ya neno la mshtakiwa, na mara nyingi la askari ndilo lililoaminiwa.

Mageuzi aliyoyasimamia Obama mwaka 2003, baada ya chama chake kushika wingi wa viti katika Seneti, yalihusu hapo tu: mahojiano ya mtu aliye mikononi mwa polisi kwa kosa la mauaji yarekodiwe kwa picha au kwa sauti. Waendesha mashtaka na vyama vya polisi vilipinga. Walisema washukiwa hawatazungumza mbele ya kamera, na wauaji wataachiwa kwa sababu tu mashine iliharibika. Gavana mpya, Rod Blagojevich, naye hakuupenda muswada huo mwanzoni. Kilichofuata ni vikao vingi kati ya polisi, waendesha mashtaka, mawakili wa utetezi, watetezi wa haki za raia na wabunge wa vyama vyote viwili, na muswada ulipofika kwenye kura ya Seneti hakuna aliyeupinga. Gavana aliutia saini Julai 2003. Alaska na Minnesota zilikuwa tayari zinataka mahojiano yarekodiwe, lakini huko amri ilitoka kwa mahakama zenyewe. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kufanya hivyo kwa sheria ya bunge.

Ningependa utazame jinsi sheria ile ilivyoandikwa, kwa maana humo ndimo ilimo kazi yenyewe ya mbunge. Haikusema kwamba maungamo yasiyorekodiwa hayatapokelewa kamwe. Ilisema yatachukuliwa kuwa hayapokeleki mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba yalitolewa kwa hiari na yanaaminika, na ikataja hali ambazo kurekodi hakuwezekani. Tofauti ya maneno hayo machache ndiyo iliyowaleta polisi mezani, na wakati huohuo ndiyo iliyouhamisha mzigo: zamani mshtakiwa ndiye aliyehangaika kuthibitisha kwamba aliteswa, sasa serikali ndiyo yenye kueleza kwa nini haikurekodi. Utekelezaji ulianza miaka miwili baadaye, mwaka 2005, ili vituo vinunue vifaa na askari wafunzwe. Mwaka 2013 Bunge lilipanua sharti hilo kwa makosa mengine mazito, na kufikia hapo maofisa wengi walikuwa wameona kwamba kamera inamlinda pia askari mwaminifu anayesingiziwa. Mwaka uleule wa 2003 Obama alisimamia pia sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani, ili malalamiko ya ubaguzi yapimwe kwa takwimu. Raoul, mrithi wake, ndiye aliyeusimamia katika Seneti muswada wa kuifuta kabisa adhabu ya kifo, ambao Gavana Pat Quinn aliutia saini Machi 2011.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo hasa linalobishaniwa katika kampeni za huko kwenu, yaani dhamana. Msomaji aliyezoea mahakama za Afrika Mashariki, ambako mdhamini mara nyingi ni ndugu au jirani anayekuja na barua ya serikali ya mtaa au hati ya kiwanja, anahitaji kwanza kuelezwa jinsi dhamana ya fedha ilivyokuwa Illinois. Katika majimbo mengi ya Marekani kuna biashara ya mawakala wa dhamana: familia inamlipa wakala ada isiyorudishwa, naye anaiahidi mahakama kulipa kiasi chote mshtakiwa akitoroka. Illinois iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1963. Badala yake mshtakiwa aliweka kwa karani wa mahakama asilimia 10 ya kiasi kilichotajwa na jaji. Ikiwa jaji alitaja dola 10,000, familia ilitafuta dola 1,000. Kesi ikiisha, karani alibakiza sehemu ya kumi ya fedha zile zilizowekwa, na utaratibu huo ulipopingwa, Mahakama ya Juu ya Marekani iliuidhinisha mwaka 1971.

Mwaka 1963 ule ulikuwa uboreshaji wa kweli. Lakini miaka ilivyopita, ubovu ulioachwa ndani yake ulizidi kuonekana: kilichoamua nani alale rumande hakikuwa hatari yake kwa jamii, kilikuwa uwezo wa familia yake kupata fedha. Mtu aliyeshtakiwa kwa wizi mdogo alikaa miezi kwa kukosa dola mia chache, akapoteza kazi na nyumba kabla hajahukumiwa, na mwingine aliyeshtakiwa kwa jambo la kutisha alitoka siku ileile kwa sababu alikuwa na fedha benki. Mimi naona hoja hii ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo ambayo watetezi wa mageuzi walichelewa kuieleza kwa wapiga kura. Dhamana ya fedha haikuwa ngao ya usalama, kwa maana haikumzuia mtu hatari mwenye mali. Mwaka 2017 Jaji Mkuu wa mahakama za Kaunti ya Cook, Timothy Evans, alitoa amri kwamba pale ambapo dhamana ya fedha inatakiwa, majaji wataje kiasi ambacho mshtakiwa anakimudu. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini lilikuwa amri ya kaunti moja kati ya 102, na amri ya jaji huweza kubadilishwa na jaji mwingine. Kama kilichotakiwa ni kanuni moja kwa jimbo zima, ilibidi Bunge liiandike.

Robert Peters ndiye aliyekuwa msukumaji mkuu katika Seneti wa muswada wa kuondoa dhamana ya fedha, akishirikiana na mashirika ya wananchi yaliyokuwa yamelipigania jambo hilo kwa miaka kadhaa. Baada ya polisi wa Minneapolis kumuua George Floyd Mei 2020, kundi la wabunge weusi wa Illinois liliandaa mpango mpana wa sheria, na sehemu ya dhamana ikaingizwa katika muswada mmoja mkubwa uliosimamiwa na Seneta Elgie Sims na Mwakilishi Justin Slaughter, ambao umma unaujua kwa jina la SAFE-T. Muswada huo wa kurasa 764 ulipita tarehe 13 Januari 2021. Seneti iliupigia kura alfajiri, 32 kwa 23, na baadaye asubuhi hiyo Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 60 dhidi ya 50, na 60 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa. Saa chache baadaye Bunge lile lilimaliza muda wake na jipya likaapishwa. Gavana J.B. Pritzker aliutia saini Februari 22.

Wapinzani wamelirudia sana suala la usiku ule, na sioni sababu ya kuwabeza. Wabunge wengi hawakuwa na nafasi ya kuzisoma kurasa 764 katika hali yake ya mwisho, na sheria inayogusa uhuru wa watu ingestahili mjadala wa mchana kweupe. Upande wa pili, sehemu ya dhamana haikuzuka usiku ule. Tume iliyoundwa na Mahakama ya Juu ya Illinois ilikuwa imetoa ripoti yake juu ya utaratibu wa kabla ya kesi Aprili 2020, na vikao vya hadhara vya Seneti vilikuwa vimefanyika katika miezi ya mwisho ya mwaka ule. Pia waandishi wa sheria waliipa sehemu hiyo karibu miaka miwili kabla ya kuanza kazi: ilipangwa ianze tarehe 1 Januari 2023.

Miaka miwili hiyo ndiyo ninayotaka uipime unapomsikiliza mtu akijisifu kwamba amerekebisha mahakama. Kupiga kura ya ndiyo ni kazi ya dakika moja. Kazi halisi ilikuwa kurudi mezani na watu waliokasirika. Maofisa wa kaunti waliuliza mapengo yao ya mapato ya dhamana yatazibwa na nani, waendesha mashtaka walionyesha vifungu vilivyogongana, na mashirika yanayowahudumia wanawake waliopigwa nyumbani yalitaka mwathirika aarifiwe mapema kabla ya kikao. Sheria za marekebisho zilipitishwa zaidi ya mara moja, na kubwa kuliko zote ilitiwa saini Desemba 2022, wiki chache kabla ya tarehe ya kuanza.

Nitataja mambo matatu tu katika marekebisho hayo. Kwanza, maandishi ya mwanzo yalimtaka mwendesha mashtaka, katika makosa mengi, aonyeshe kwamba mshtakiwa ni tishio kwa mtu fulani mahususi, jambo lililoacha swali gumu juu ya mtu anayefyatua risasi ovyo mtaani bila kumlenga yeyote. Maneno yalibadilishwa, ikatosha kuonyesha tishio la kweli na la sasa kwa usalama wa mtu yeyote, watu au jamii, mradi lijengwe juu ya mambo bayana ya kesi yenyewe. Pili, orodha ya makosa ambayo kwayo mwendesha mashtaka anaweza kuomba mtu azuiwe ilipanuliwa. Tatu, ilielezwa nini kitawapata waliokuwa tayari rumande kwa dhamana ya fedha siku ya kuanza: kwa kuwa wapinzani walikuwa wakitangaza kwamba milango yote ya jela itafunguliwa usiku mmoja, sheria ilisema mahabusu ataomba kusikilizwa upya, na kesi yake itafikiwa ndani ya siku 7, 60 au 90 kwa kutegemea uzito wake. Fungu la kuwasaidia mawakili wa utetezi wa umma liliundwa pia. Nakiri kwamba baadhi ya watetezi wa awali waliyaona marekebisho haya kuwa ni kurudi nyuma. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyoiokoa sheria, kwa sababu yaliyosahihishwa yalikuwa makosa ya uandishi ambayo majaji wangelazimika kuyatafsiri kila mmoja kwa namna yake.

Siku chache kabla ya tarehe ya kuanza, jaji wa Kaunti ya Kankakee, katika kesi iliyounganisha mashauri ya waendesha mashtaka na masherifu wengi, aliamua kwamba sehemu ya dhamana inakiuka katiba ya jimbo. Mahakama ya Juu ya Illinois ilisimamisha utekelezaji tarehe 31 Desemba 2022 ili kaunti zote 102 zisubiri jibu moja. Hapo unaona mpaka wa mamlaka ya mbunge, na swali lako kuhusu uhuru wa mahakama linapata jibu lake la vitendo. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema watu wote wanastahili kupewa dhamana yenye wadhamini wa kutosha, isipokuwa katika makosa iliyoyataja. Walalamikaji walisema maneno hayo yanailinda dhamana ya fedha, na kwamba kumwondolea jaji chombo hicho ni kuingilia mamlaka ya mhimili mwingine. Aliyeitetea sheria kwa niaba ya jimbo alikuwa Mwanasheria Mkuu Kwame Raoul, yuleyule aliyewahi kukikalia kiti cha Peters, na ndiyo maana kesi inaitwa Rowe dhidi ya Raoul, Rowe akiwa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Kankakee. Tarehe 18 Julai 2023, kwa majaji watano dhidi ya wawili, Mahakama ya Juu iliamua, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Mary Jane Theis, kwamba katiba haisemi fedha ndiyo njia pekee ya kuhakikisha mshtakiwa anafika mahakamani au ya kuilinda jamii, na kwamba Bunge limekuwa likitunga sheria za dhamana kwa miaka mingi bila mtu kusema limeingilia mahakama. Sheria ilianza kazi Septemba 18, 2023, na Illinois ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuondoa kabisa dhamana ya fedha.

Majaji watano wale walikuwa wa chama kinachotawala Bunge, yaani Democratic, na wawili waliopinga walikuwa wa Republican. Lazima jambo hilo lisemwe, hasa ukikumbuka ramani ya mwaka 2021 niliyoitaja. Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba Mahakama ya Juu ya Illinois huridhia kila linalotoka Springfield. Mwaka 2005 Bunge lililotawaliwa na chama hichohicho liliweka kikomo cha fidia ya maumivu katika kesi za uzembe wa madaktari, dola 500,000 kwa daktari na 1,000,000 kwa hospitali. Mwaka 2010 mahakama hiyo, ikiwa na wingi wa chama kilekile, ilikifuta kikomo hicho kwa hoja kwamba kupunguza fidia inayopita kiasi ni kazi ya jaji katika kila kesi, na Bunge haliwezi kuifanya kwa jumla.

Ukitaka kuona jinsi hali ya mahali inavyoamua hatima ya mbunge, linganisha na California. Huko Seneta Bob Hertzberg alisimamia sheria ya kuondoa dhamana ya fedha iliyotiwa saini Agosti 2018, miaka mitano kabla ya Illinois kuanza. Lakini California haikuwahi kuipiga marufuku biashara ya mawakala. Mawakala walikusanya sahihi za wananchi kuilazimisha sheria iende kwenye kura ya maoni, na Novemba 2020 wapiga kura wakaikataa. Illinois haikuwa na mawakala wa kugharimia upinzani wa aina hiyo, kwa sababu wabunge wa mwaka 1963 walikuwa wamekwisha kuwaondoa. New York, iliyopunguza dhamana ya fedha kwa sheria ya mwaka 2019, imeirekebisha mara tatu tangu hapo chini ya shinikizo la kisiasa.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako: mtu akikamatwa leo Rock Island, nini kinatokea? Kwa makosa mengi madogo polisi humwandikia hati ya kufika mahakamani na kumwacha aende zake, isipokuwa kama kuna sababu ya usalama. Akishikiliwa, anapaswa kufikishwa mbele ya jaji ndani ya saa 48. Msingi wa kuanzia ni kwamba anastahili kuachiwa mpaka kesi isikilizwe. Mwendesha mashtaka akitaka azuiwe, lazima awasilishe ombi, na kosa lazima liwe miongoni mwa yale yaliyotajwa, yakiwemo makosa mazito ya nguvu, ya kijinsia, ya silaha na ya unyanyasaji wa nyumbani, au kuwe na dalili za mtu kukusudia kutoroka. Kisha athibitishe kwa ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha kwamba kuna uwezekano mkubwa mtu huyo alitenda kosa, kwamba ni tishio au atatoroka, na kwamba hakuna sharti lolote, iwe kuripoti kwa ofisa, kukaa mbali na mlalamikaji au kuvaa bangili ya kielektroniki, linaloweza kulizuia jambo hilo. Jaji akikubali, mtu anabaki rumande na hakuna kiasi cha fedha kinachoweza kumtoa, ila anaweza kukata rufaa, na kesi yake inatakiwa ianze ndani ya siku 90, ukiondoa ucheleweshaji unaotokana na yeye mwenyewe. Jaji akikataa, anatoka kwa masharti, na familia haidaiwi senti.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba sheria inamsaidia mtu wa kipato kidogo aliyeshtakiwa kwa kosa lisilo la hatari, na inamkaza zaidi kuliko zamani yule aliyeshtakiwa kwa kosa la hatari na ambaye zamani angejinunulia uhuru. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago, ambacho kimekuwa kikiifuatilia sheria hii tangu mwanzo, umeonyesha kwamba idadi ya mahabusu ilipungua na kwamba kutofika mahakamani hakukuongezeka kama ilivyohofiwa. Mjadala hata hivyo haujafungwa. Agosti 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri inayozilenga sehemu zilizoondoa dhamana ya fedha, ikitishia fedha zinazotoka serikali kuu, na kesi moja mbaya ya mtu aliyeachiwa akaua inatosha kuamsha madai ya kuirudisha sheria nyuma.

Kwa jamii yenu ya wazungumzaji wa Kiswahili huko Rock Island na Moline, kuna mambo mawili ambayo nisingependa uyakose. Sheria ya Illinois inampa mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza mkalimani katika kesi ya jinai, na haki hiyo idaiwe tangu kikao cha kwanza, kwa kuwa sasa kikao hicho ndicho kinachoamua uhuru wa mtu na huchukua dakika chache. Ndugu wa familia asikubali kutafsiri. Jambo la pili linamhusu asiye raia: asikiri kosa lolote, hata dogo, kabla hajamuuliza wakili matokeo yake kwa uhamiaji. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky mwaka 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja wake jambo hilo, hata kama ni wakili aliyepewa bure na kaunti.

Wakili huyo wa bure ndiye kiungo dhaifu kilichobaki. Kikao cha kumzuia mtu kinahitaji mwanasheria aliyepata muda wa kusoma ripoti ya polisi na kuzungumza na mteja, lakini kaunti nyingi za Illinois hazina mawakili wa kutosha, na zile ndogo zaidi zimekuwa zikimpa kazi hiyo wakili wa muda anayeichanganya na kesi zake binafsi. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda ofisi ya mtetezi wa umma ya jimbo zima, Peters akiwa tena msimamizi wake katika Seneti, na gavana akaitia saini. Ofisi hiyo itategemea bajeti ambayo wabunge watapaswa kuipigia kura mwaka baada ya mwaka. Mgombea atakapokuja kwenu na kusema ameirekebisha mahakama, au ataifuta kazi ya waliotangulia, mwombe akuonyeshe kifungu alichokiandika au anachotaka kukifuta, kisha umuulize Kaunti ya Rock Island itaongezewa mawakili wangapi wa utetezi, lini, na kwa fedha za nani.